Mgeni siku ya tatu mpe jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu tunaitumia tunapotaka kumwondoa mgeni kwa adabu. Lakini ndani yake mna jambo jingine ambalo huwa tunalisahau. Kumpa mtu jembe ni kumhesabu kuwa mmoja wa nyumba. Mtu asiyepewa jembe hata baada ya mwaka mzima bado ni mgeni, japokuwa analala ndani na mnakula naye sahani moja.

Leo nataka kuipeleka methali hiyo mbali kidogo, hadi angani, katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Star Trek. Kwa wale wasiopata kuutazama, ni hadithi ya merikebu ya angani iitwayo Enterprise, inayosafiri kutoka nyota moja hadi nyingine katika karne zijazo. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa tarehe 8 Septemba 1966. Ulidumu miaka mitatu, ukatoa sehemu 79, ukasimamishwa mwaka 1969. Wengi walidhani umekufa. La hasha! Umezaa watoto na wajukuu, michezo mingine ya televisheni na filamu, hata leo ukoo huo unakaribia miaka sitini.

Katika ukoo mkubwa namna hiyo, wapo wenye sauti na wapo wanaokaa jikoni. Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock, yule mwenye masikio yaliyochongoka, wanajulikana duniani kote. Nataka tuwazungumzie wale wengine, wanaoonekana kila wiki nyuma ya bega la nahodha, wana jina na wana kiti, lakini hawana kazi.

Wa kwanza anatuhusu sisi Waswahili moja kwa moja. Nyuma ya nahodha aliketi mwanamke mweusi aliyeitwa Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano. Jina hilo limetoka katika neno letu, uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba siku alipokwenda kuomba nafasi hiyo alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno likazungumzwa, likapendwa, likalainishwa mwishoni, likawa jina la mtu.

Wala si jina tu. Katika sehemu ile ya kwanza kabisa kuonyeshwa, jinamizi linalojigeuza sura linamtokea Uhura kwa umbo la mwanamume, na linamsemesha kwa Kiswahili. Mwaka 1967 mashine moja inamfutia kumbukumbu zake zote. Anapofundishwa kusoma upya, naye akakasirika kwa kushindwa, maneno yanayomtoka ni ya Kiswahili. Naam, wasikilizaji, lugha yetu ilifika kwenye nyota kabla binadamu hajakanyaga mwezini.

Lakini hebu tujiulize, baada ya kufika huko ilipewa nini cha kufanya? Uhura aliweka kidude sikioni, akabonyeza vitufe, akamwarifu nahodha kwamba njia ya mawasiliano imefunguliwa. Wiki iliyofuata akafanya hivyo hivyo. Hata kile kisa cha kufutiwa kumbukumbu, jambo ambalo lingemliza mtu maisha yake yote, kilikwisha kwa kuambiwa kwamba atapona upesi. Sehemu iliyofuata alikuwa kitini pake, na hapakuwa na aliyemuuliza ameamkaje. Katika sehemu zote 79 jina lake la kwanza halikutajwa. Jina la Nyota lilianzia vitabuni, na watazamaji wakalipokea, lakini halikusikika kwenye picha hadi filamu ya mwaka 2009. Hesabuni wenyewe. Ni miaka 43 ya kumwita mtu kwa jina moja tu.

Nichols mwenyewe aliona. Alieleza kwamba maneno aliyoandikiwa yalikuwa yakikatwa, mpaka ya kusema yakabaki machache mno. Mwaka wa kwanza ulipokwisha akaamua kuondoka, akamwarifu Gene Roddenberry, mtunzi wa mchezo. Muda mfupi baadaye, kama alivyosimulia, alikutana na Martin Luther King katika hafla, naye King akamsihi asiondoke. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza Mmarekani mweusi anaonekana katika televisheni kama mtu mwenye akili na cheo, na kwamba akiondoka, kiti kile kinaweza kupewa mtu yeyote. Nichols akabaki.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki na kuishia hapo, kana kwamba King alikuwa sahihi na Nichols alikuwa na haraka. Mimi nasema wote wawili walikuwa sahihi. King alikuwa sahihi kwamba kuonekana kuna uzito. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwaka 1992, alisema Uhura alimtia moyo alipokuwa mtoto. Nichols mwenyewe, kuanzia mwaka 1977, alifanya kazi na NASA kuwatafuta wanawake na watu wa rangi nyingine wawe wanaanga. Lakini Nichols naye alikuwa sahihi kwamba kuonekana si sawa na kushirikishwa. Alipewa kiti, hakupewa jembe. Ikiwa kukaa kitini tu kulizaa matunda hayo, je, angelipewa shamba la kulima?

Jibu la swali hilo tunalo, kwa sababu kuna mwingine aliyepewa jembe, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1968 aliingia merikebuni daktari mweusi aitwaye M'Benga, aliyeigizwa na Booker Bradshaw. Alikuwa amesomea tiba ya watu wa sayari ya Spock, jambo ambalo hata daktari mkuu hakulijua vyema. Spock alipokuwa taabani, M'Benga ndiye aliyejua kwamba mgonjwa anayezinduka lazima apigwe makofi, tena ya nguvu, ndipo arudiwe na fahamu. Daktari wa namna hiyo ana visa vingapi ndani yake! Alionekana tena mara moja, Januari 1969, kisha basi. Sehemu mbili tu. Mgeni siku mbili.

Siku ya tatu ilikuja mwaka 2022, katika mchezo mpya wa ukoo huo uitwao Strange New Worlds. M'Benga alirudi, safari hii akiigizwa na Babs Olusanmokun, mzaliwa wa Nigeria. Akapewa binti aitwaye Rukiya, mwenye maradhi yasiyo na dawa, naye baba anamficha ndani ya mtambo wa merikebu ili maradhi yasiendelee huku akitafuta tiba usiku na mchana. Mwaka 2023 tukaonyeshwa kwamba daktari huyo mpole aliwahi kuwa vitani, na kwamba mikono inayotibu imepata pia kuua. Watazamaji walioiona sehemu hiyo hawakuisahau. Je, mhusika alibadilika? Hapana. Alikuwa daktari yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kuna aliyekaa chini akajiuliza: mtu huyu akitoka kazini anakwenda wapi, na nani anamngoja?

Najua watakaonijibu. Watasema, huyu bwana hajui kazi ya televisheni. Saa moja haitoshi watu kumi. Mwigizaji anayesema hulipwa zaidi ya anayesimama kimya, na nyota wa mchezo naye anadai haki yake. Ni kweli. Tena wapo wahusika ambao ukimya ndio utamu wao. Katika Deep Space Nine, mchezo wa mwaka 1993 hadi 1999, alikuwapo mlevi mmoja aitwaye Morn, aliyeketi baa kwa miaka yote saba. Wenzake walimlalamikia kwamba hanyamazi, lakini sisi watazamaji hatukumsikia akitamka hata neno moja. Huo ni utani uliofikiriwa, na Morn alikuwa na kazi yake. Mwaka 1998 alitungiwa hata kisa chake mwenyewe, bila kufungua kinywa.

Kwa hiyo silalamikii ukimya, nalalamikia usahaulifu. Tena usahaulifu una dawa. Colm Meaney, mwigizaji kutoka Ireland, alianza mwaka 1987 kama baharia asiye na jina katika The Next Generation. Kidogo kidogo akapewa jina la O'Brien, akapewa kazi ya ufundi, akapewa mke na mtoto, na mwaka 1993 akawa mmoja wa wahusika wakuu wa Deep Space Nine. Haba na haba ilijaza kibaba. Linganisha na kijana Harry Kim wa mchezo wa Voyager, aliyeanza mwaka 1995 akiwa na cheo cha chini kabisa cha ofisa, na mchezo ukaisha mwaka 2001 akiwa na cheo hicho hicho. Miaka saba! Wafanyakazi mnaonisikiliza mnaijua hali hiyo kuliko mimi.

Lakini kuna kosa kubwa kuliko kusahau, nalo ni kumkumbuka mtu siku ya kumzika. Mchezo wa Discovery ulipoanza mwaka 2017 alikuwapo katika chumba cha usukani mwanamke aitwaye Airiam, nusu mtu nusu mashine. Kwa muda mrefu watazamaji walimuuliza: huyu ni nani, na kwa nini yuko hivi? Mwezi Machi 2019 wakajibiwa kwa sehemu moja. Alikuwa na mume, wakapata ajali, mume akafa, yeye akaunganishwa na mashine. Kila wiki hukaa akichagua kumbukumbu za kutunza na za kufuta. Kisa kizuri mno! Na kabla sehemu hiyo haijakwisha, Airiam akafa. Jembe alilopewa lilikuwa la kuchimbia kaburi lake. Mtunzi anayefanya hivyo huchota machozi yetu kwa mkopo, kwa sababu tunaambiwa tumlilie mtu ambaye tulinyimwa nafasi ya kumjua.

Wapenzi wasikilizaji, nimezungumza habari za Wamarekani, lakini watunzi wetu wa michezo ya redio na televisheni wasidhani hayawahusu. Hapa kwetu yuko mlinzi wa getini, yuko yaya, yuko utingo. Huingia, hudondosha sinia, watu wakacheka, naye akatoka. Mwaka wa tano mchezo unaendelea, na yaya bado anadondosha sinia. Hatujui kwao ni wapi, amemwacha mtoto wake na nani, wala mshahara wake anautuma kwa nani. Na waajiri wangapi wanaotazama mchezo huo nao hawajui hayo kuhusu yaya aliyemo nyumbani mwao?

Kwa watunzi nina ombi moja dogo. Chukueni orodha ya wahusika wenu, mtafuteni yule aliyeonekana mara tatu bila kuulizwa swali lolote, mumpe sehemu moja tu. Msimpe ugonjwa wala mauti. Mpeni shida ambayo yeye peke yake anaweza kuitatua, kama alivyofanyiwa M'Benga siku ile ya makofi.

Nanyi watazamaji, jioni mtakapoketi mbele ya televisheni, mtazameni anayefungua mlango, nahodha mwacheni kidogo. Mkiona miezi inapita na bado anafungua mlango tu, andikeni barua kituoni mkaulize jina lake.

Hadi wiki ijayo, wakati kama huu, kwaherini.