Pampu Ikiharibika: Tutengeneze Wenyewe au Tumwite Fundi?

(Maneno yetu kwa vikundi vya kujisaidia vya Muhuru Bay)

Tunajua wengine wenu mmeacha omena juani, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Mjini watu hubishana juu ya mtambo wa kupasha maji ya kuoga. Ukiharibika, mwenye nyumba aubadilishe mwenyewe au amwite fundi? Kwetu swali ni lile lile, ila chombo chetu ni pampu ya mkono. (Na wale ambao siku hizi wana stima na mtambo huo bafuni, hapo hatubishani: maji na stima pamoja vinaua. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA.)

Pampu ikikaa siku mbili bila maji, nani anangoja? Hakuna. Mama anachukua mtungi anarudi ziwani, na watoto nyuma yake. Ziwa linatulisha, lakini lina kichocho, na kipindupindu tunakijua. Ule wa 1997 na 1998 hapa Nyanza wazee bado wanaukumbuka. Kwa hivyo kabla hamjauliza nani ashike spana, ulizeni maji yatakosekana siku ngapi.

Sasa, pampu yenu ni ya aina gani? Kuna kamati ambazo hazijui, na hapo ndipo hasara huanzia.

Kama ni Afridev, hiyo ilijaribiwa hapa hapa Kenya, kule Kwale, katika miaka ya 1980. Shirika la KWAHO liliwaandaa wanakijiji, hasa akina mama, waitunze wenyewe. Iliundwa kwa nia hiyo. Spana moja inafungua karibu kila kitu cha juu, na pistoni inavutwa kupitia ndani ya bomba bila kung'oa bomba. Kama ni India Mark II, mambo ni mengine. Bomba zake ni za chuma, na ili kubadilisha mpira wa pistoni lazima mng'oe bomba zote, moja baada ya nyingine. Ni nzito. Zikiponyoka zinarudi kisimani, na vidole vya watu viko pale. Hiyo mwachieni fundi mwenye vyombo vyake.

Kwa wenye Afridev, kuna kazi ambazo sisi tunasema ni aibu kumlipia mtu. Mkono wa pampu ukicheza huku na huku na kupiga kelele, bushi za plastiki zimekwisha. Mnafungua kichwa, mnatoa za zamani, mnatia mpya. Maji yakipungua, huenda mpira wa pistoni umelika. Mtajuaje? Pampu ikiwa nzima, hesabuni ni mara ngapi mnapiga ili kujaza mtungi wa lita 20, muandike kwenye daftari. Hesabu ikianza kupanda, vueni pistoni mkaangalie. Na kama kila asubuhi lazima mpige sana kabla maji hayajatoka, maji yanarudi chini usiku: huenda valvu ya chini inavuja, au bomba limepasuka. Valvu mnaweza kuitoa wenyewe kwa kile chombo chake cha kuvulia. Mkibadilisha mpira wake na bado maji yanarudi, basi ni bomba, simamisheni kazi.

Mkivua vitu vya ndani, msivilaze chini kwenye matope na mavi ya mbuzi. Tandikeni karatasi safi ya nailoni, mnawe mikono kwa sabuni. Mkimaliza, kisima kitiwe dawa ya klorini. Afisa wa afya ya umma atawaambia kipimo.

Bomba likipasuka, rodi ikikatika na kuanguka, au maji yakianza kutoka na mchanga, hapo fundi aitwe. Mkilazimisha, kitu cha shilingi mia kadhaa kinaziba kisima kizima.

Tena kuna jambo moja tunalisema kwa sauti. Mtu asiteremke kisimani. Wala pampu ya petroli isishushwe ndani ya kisima, hata kama mwenye nayo anasema amefanya hivyo mara kumi. Moshi wa injini unakaa chini, hauonekani, na mtu anaanguka kabla hajapiga kelele. Anayemfuata kumwokoa anaanguka pia. Wengine hushusha mshumaa kwanza. Mshumaa unaweza kuwaka vizuri tu na sumu ya injini iko pale.

Turudi kwenye zile siku. Kule Kyuso, kaunti ya Kitui, watu wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio mwaka 2013. Walitia ndani ya mikono ya pampu kifaa kinachotuma ujumbe kwa njia ya simu, ili pampu ikisimama ijulikane na fundi aende. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27. Katika jaribio ilikuwa chini ya siku 3. Baadaye ikazaliwa huduma iitwayo FundiFix, Kitui na Kwale, ambapo watu hulipa kabla pampu haijaharibika.

Mnaona? Hata Kwale, walikofundishwa kutengeneza wenyewe, fundi wa kulipwa amekuja. Sisi hatusomi hapo kwamba wanakijiji hawawezi. Kazi ya spana haichukui siku 27. Siku zinaliwa na kupita nyumba kwa nyumba kutafuta pesa, na kutafuta mpira ambao hauko dukani. Tuseme mko nyumba 40 na kila moja inatoa shilingi 50 kwa mwezi. Ni shilingi 2,000, na kwa mwaka 24,000. Nunueni bushi na mipira mapema, viwekwe kwa mweka hazina vikiwa vikavu. Zinazobaki ni za fundi.

Na fundi akija, patana naye kwa maandishi. Mmoja wenu, tena ikiwezekana mama anayechota hapo kila siku, asimame karibu aangalie kila hatua. Kile kilichoharibika kibaki kwa kamati, asiondoke nacho. Salio alipwe baada ya mtungi kujaa na hesabu ya mipigo kulingana na ile ya daftari.

Mkija mkutano ujao, leteni jina la pampu yenu na hiyo hesabu. Wasio na spana watuambie leo kabla ya kuondoka, tujue zinatakiwa ngapi.