KAMIONETE YA KALE NA MIKONO YA VIJANA

Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni, Katuba, katika sikukuu ya Yubile



Nimeombwa kusema juu ya kazi ya mikono. Nitasema juu ya kitu kimoja tu, ambacho kila mutu anayepita nyuma ya nyumba ya mapadri anakijua: ile kamionete Peugeot 404 iliyolala chini ya muembe. Mashauri juu yake ni mawili. Wamoja wanasema iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma vya kale. Wengine wanataka ipakwe rangi, ipendeze machoni pa wageni, itembee. Mimi naleta shauri la tatu: itengenezwe tangu mifupa yake, na itengenezwe na vijana wakiongozwa na wazee wanaoijua kazi ile.

Kwanza tujue ni kitu gani tunacho. Peugeot 404 ilitolewa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Kamionete yake ilifuata mwaka 1967. Motokari hiyo ilishinda mashindano makubwa ya Safari katika Afrika ya Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Njia zile zilikuwa za vumbi, matope na mawe, kama njia zetu. Ndiyo maana wafanyabiashara, waganga na misioni waliipenda.

Tena, waliochora motere yake walimfikiri fundi. Ina silinda 4, na kipimo chake ni sentimita za kyubiki 1,618. Kila pistoni inatembea ndani ya shemizi, ni kusema bomba la chuma linalozungukwa na maji na linaloweza kutolewa peke yake. Shemizi ikichakaa, fundi anatoa ile na kutia nyingine, pasipo kupeleka motere yote kwenye mashini ya kutoboa. Lakini lazima apime vema kimo cha kila shemizi na kuweka jointi safi chini yake. Asipofanya hivi, maji yataingia katika mafuta, na kazi yote itaharibika.

Na katika ponte ya nyuma kuna jambo la kufurahisha watu wa Katanga. Visi ya chuma inazungusha gurudumu la meno lililofanywa kwa bronzi. Bronzi ni nini? Ni shaba iliyochanganywa na stani: shaba kama ile ambayo wazee wetu waliiyeyusha na kuifanya misalaba kabla ya reli kufika hapa mwaka 1910, na stani kama ile iliyochimbwa Manono. Gurudumu lile linadumu miaka mingi, bali linadai mafuta yanayolifaa. Mutu akitia mafuta ya namna yoyote, bronzi inalika kidogo kidogo.

Sasa nafika kwenye neno langu kubwa. Rangi juu ya kutu ni uongo. Mutu anaweza kujaza matundu kwa mastiki, kuyasugua, kupaka rangi nyekundu ya kung'aa, na watu wote watapiga mikono. Lakini maji na hewa vinapita chini, kutu inaendelea kula, na siku moja chuma kinakatika, kamionete ikiwa na muzigo na ikishuka kilima. Yule aliyepaka rangi hayupo pale. Waliopo ni dereva na watoto wanaovuka njia.

Kwa hiyo kazi iwe na utaratibu. Mwanzo, tupige shasi kwa nyundo ndogo, sehemu kwa sehemu. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinanyamaza. Palipooza pakatwe mpaka kwenye chuma kizima, ndipo fundi wa kusudu aunge kipande kipya. Kabla ya moto wowote, batri ifunguliwe na tanki ya esanse iondolewe kabisa. Vijana, mushike hili: tanki isiyo na kitu inaweza kuua kupita tanki iliyojaa, maana mvuke wa esanse unabaki ndani.

Kisha shasi, freni na volani. Motokari iliyosimama miaka mingi haikupumzika. Mipira ya freni ilikauka, na maji yaliingia katika mafuta ya freni. Vyote hivi vibadilishwe, hata kama vinaonekana vizuri. Baada ya freni, motere. Baada ya motere, nyuzi za umeme. Rangi ije mwisho. Na kila kitu kinachofunguliwa kiwekwe katika mufuko wenye kuandikwa jina, maana kichwa cha mutu kinasahau, karatasi haisahau.

Je, tunaweza kuigeuza ili ifae kazi zetu? Ndiyo, kwa kipimo. Sanduku la nyuma lifanywe kwa mbao za mulombwa, turubai mupya ishonwe, taa ziongezwe. Lakini tusiinue resori ili ibebe kupita uzito ulioandikwa na kiwanda, wala tusipigilie mabenchi nyuma ili kupakia waimbaji. Munaona pia motokari zinazotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, zenye volani upande wa kuume, na hapa kwetu tunapita kuume. Kuhamisha volani ni kazi ya fundi mukubwa. Anayekata chuma cha volani na kukiunga kwa haraka ameweka maisha ya watu juu ya tone moja la chuma.

Mutaniuliza: kwa nini taabu hii yote, na feza ni kidogo? Nitajibu. Hapa Katuba tungali na wazee waliojifunza katika karakana za Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na za Gécamines, iliyoshika nafasi yake tangu 1967. Munajua yaliyofuata: mwaka 1990 mugodi wa Kamoto ulianguka, mwaka 2003 na baadaye wafanyakazi kupita 10,000 walitoka kazini katika mupango walioita wa kuondoka kwa hiari. Walirudi nyumbani na ufundi wao ndani ya mikono. Kila mwaka tunawazika wamoja wao, na ufundi huo unazikwa nao, kwa sababu hakuna kijana aliyesimama karibu akitazama. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika muji huu mwaka 1911, walielewa mapema kwamba kumufundisha kijana kazi ni kumupa urithi. Kamionete ile ikiuzwa kwa kilo, tutapata feza ya mwezi mumoja. Ikifunguliwa mbele ya vijana 10, tutapata mafundi.

Sisemi kwamba lazima itembee. Nyundo ikituambia kwamba shasi imekufa, tukubali. Motere na ponte vibaki kuwa vitu vya kufundishia, na bati liuzwe. Hata hapo vijana watakuwa wamejifunza jambo kubwa, yaani kutazama kwa ukweli kabla ya kupaka rangi.

Basi naomba mambo matatu. Kila shirika lilete kijana mumoja, mume ao muke, mwenye subira. Kila jamaa yenye muzee fundi imulete, apewe kiti na kusikilizwa. Nanyi Mapadri wageni, mukirudi kwenu, mutazame nyuma ya nyumba zenu. Na mukiona shemizi, ao vioo vya 404, musivitupe. Mutuletee Katuba.

Mungu abariki kazi ya mikono yetu.