Kabati Jeusi la Godwin

Tajiri wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria alipenda utajiri wake uonekane sebuleni. Makochi ya mahameli yaliyojazwa yakashiba, viti vilivyochongwa maua, matunda na vichwa vya simba, makabati yasiyosogezwa ila kwa wanaume kadhaa. Na hiyo ni London ya makaa ya mawe, ambako masizi yaliingia ndani kila siku na kutua katika kila kijitundu cha nakshi ile. Sifa zilikwenda kwa mwenye nyumba. Vumbi liliachiwa mtumishi.

Mwaka 1867 msanifu majengo Edward William Godwin alitafuta samani za vyumba vyake London, asione dukani kitu cha kumridhisha. Akachora mwenyewe, kabati la vyombo likiwamo. Agizo lake: mbao za msonobari, za bei nafuu, zipakwe rangi nyeusi zifanane na mpingo. Nakshi asitake, mapambo ya chuma asitake. Uzuri utokane na mpangilio tu, wapi pazibwe na wapi paachwe wazi, jambo alilolipenda katika kazi za Wajapani. Mbao nazo ziwe nyembamba kadiri zitakavyoweza kuhimili. Miaka tisa baadaye alieleza gazetini kwa nini: kupunguza gharama ya kutengeneza na kupunguza kazi ya kusafisha.

Hapo kwenye kusafisha ndipo ninapomvulia kofia. Wapenda urembo wa wakati ule walizungumza sana kuhusu roho na sanaa. Mwandishi Oscar Wilde alivuka bahari mwaka 1882 kuwahubiria Wamarekani habari hizo. Sikumbuki wengi waliomfikiria mwenye kushika ufagio.

Sasa, msonobari ulimwangusha. Ulikuwa dhaifu mno kwa miguu myembamba namna ile, ikabidi arudie kazi kwa mahogani. Kabati la vyombo la mchoro huo lililopo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, lina hata vishikio vilivyochovywa fedha. Unafuu ukayeyuka, samani ya kupunguza gharama ikawa ya wenye nazo. Mbunifu William Morris, aliyetaka watu wote wapate vitu vizuri, alikwama papo hapo, ingawa viti vya kampuni yake vyenye makalio ya matete, vilivyoigwa kwa mafundi wa vijijini, viliuzwa kwa bei ya kuvumilika.

Waigaji hawakukawia. Kuiga simba wa kuchonga ni rahisi: hata akipinda kidogo, simba ni simba. Kwa Godwin hakuna pa kujificha. Ongeza unene wa mguu kidogo tu, meza imeharibika. Mwaka 1877, katika katalogi ya William Watt, mtengenezaji wa samani zake, alilalamika kwamba meza yake ndogo ya kahawa ilikuwa ikinakiliwa na wengine, na vipimo wanavikosea.