Muuzaji, Mnunuzi na Kioo cha Simu: Kuaminiana kama Mtaji wa Kwanza katika Biashara ya Mitandaoni

1. Utangulizi

Utangazaji wa biashara katika intaneti kwa kawaida huhesabiwa kuanzia mwaka 1994, pale jarida la mtandaoni la HotWired la Marekani lilipoweka mabango ya kubofya, likiwamo la kampuni ya simu ya AT&T. Baada ya hapo utangazaji huo umepita hatua mbili kubwa. Katika hatua ya kwanza, iliyopata nguvu Google ilipoanza kuuza nafasi za matangazo mwaka 2000, tangazo lilimjia mtu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameitafuta bidhaa. Katika hatua ya pili, ambayo ni ya mitandao ya kijamii, tangazo humkuta mtu akiangalia picha za harusi ya binamu yake, bila ya kuwa na haja yoyote ya kununua. Mhadhara huu unaishughulikia hatua hii ya pili kama inavyoonekana Tanzania na kwa majirani zake, na unatetea hoja moja: kwamba kinachomkwamisha mfanyabiashara anayeanza kuuza mitandaoni si uchache wa wafuasi, bali ni ugumu wa kuaminiwa na mtu asiyemwona, na kwamba fedha na muda wake wa mwanzo vinapaswa kutumika kuuondoa ugumu huo kabla ya jambo lingine lolote.

2. Misingi iliyowezesha soko hili

Soko la mitandaoni la Afrika Mashariki lilijengwa juu ya mambo mawili yaliyokuja karibu wakati mmoja. La kwanza ni malipo ya simu: M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, hivyo kwamba mtu asiye na akaunti ya benki wala kadi aliweza kumlipa muuzaji aliye mkoa mwingine kwa dakika chache. La pili ni mkongo wa baharini wa SEACOM, uliofika katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na kuanza kuliondoa eneo hili katika utegemezi wa satelaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2006, ilikuta njia hiyo inatengenezwa. Instagram, iliyozinduliwa mwaka 2010, na WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, zilikuta njia imeshapitika. Instagram ilinunuliwa na Facebook mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014, kwa maana kwamba kibanda cha kuonyeshea bidhaa na chumba cha kupatania bei, kwa wauzaji wengi wadogo, ni mali ya kampuni moja, inayoitwa Meta tangu 2021, ambayo zaidi ya asilimia 95 ya mapato yake hutokana na matangazo.

3. Kariakoo ndani ya simu

Mtu anayetaka kuielewa biashara hii hana budi kuanza na winga wa Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam. Winga ni mtu asiye na duka wala mzigo wake, ambaye kazi yake ni kumkamata mteja barabarani, kumpeleka kwenye duka la mwingine, na kuishi kwa cha juu, yaani kile anachokiongeza juu ya bei ya mwenye mali. Simu haikumwondoa winga huyu, bali ilimpanulia uwanja: leo hupita madukani asubuhi akipiga picha za viatu na mabegi, huzipandisha kwenye Instagram au kwenye status ya WhatsApp akiandika kwamba mzigo mpya umeingia, na hununua bidhaa pale tu mteja anapokuwa amekwisha kulipa. Kwa njia hiyo kijana asiye na mtaji huweza kuingia sokoni, na hilo ni jema. Lakini kwa njia hiyo hiyo mnunuzi hushindwa kujua kama anayezungumza naye ni mwenye duka, ni winga mwaminifu, au ni tapeli aliyeiba picha za watu.

Shaka hiyo inaonekana waziwazi katika masharti ya kawaida ya biashara hii. Kwa mteja aliye Dar es Salaam, tangazo husema kuwa malipo ni baada ya kupokea mzigo, kwa kuwa bodaboda anaweza kuufikisha na kurudi na fedha. Kwa mteja wa Mwanza au Mbeya, tangazo lile lile husema malipo kwanza, kwa kuwa mzigo utasafiri kwa basi. Muuzaji huufunga mzigo, huandika juu yake jina na namba ya simu ya mpokeaji, huupeleka kwenye ofisi ya basi, kisha huipiga picha risiti na kumtumia mteja. Picha hiyo ya risiti, yenye jina la basi na tarehe, humtuliza mteja wa mkoani kuliko sifa zozote zilizoandikwa chini ya picha ya kiatu, kwa sababu ndiyo ushahidi wa kwanza anaoupata kwamba mtu wa upande wa pili yupo na ametimiza ahadi.

4. Mielekeo ya sasa

Mielekeo miwili inabadilisha mazingira haya. Wa kwanza ni kupanda kwa mamlaka ya algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua ni maudhui gani yamfikie nani. Hadi mwaka 2016 Instagram ilimwonyesha mtumiaji machapisho kwa kufuata muda yalipowekwa. Tangu hapo imekuwa ikiyapanga kwa kukisia yale yatakayomvutia, na TikTok ilikwenda mbali zaidi kwa kumpa mtumiaji video za watu ambao hakuwahi kuwafuata. Matokeo yake ni kwamba idadi ya wafuasi imepungua thamani: akaunti yenye wafuasi 50,000 inaweza kuchapisha picha ikaonwa na sehemu ndogo tu ya watu hao, ilhali video fupi ya fundi cherehani asiyejulikana, akionyesha jinsi anavyotia kola, inaweza kuwafikia maelfu. Anayenunua wafuasi wa bandia, kwa hiyo, hununua namba isiyoona, isiyouliza na isiyolipa.

Mwelekeo wa pili ni kurudi kwa biashara kwenye mazungumzo. WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, humwezesha muuzaji kupanga bidhaa katika katalogi yenye picha na bei, kuandaa majibu ya maswali yanayorudiwa na kuwawekea wateja alama kulingana na hatua ya oda zao. Lakini programu hii ina sharti linalofundisha jambo: ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo kwa kawaida huwafikia wale tu walioihifadhi namba ya mtumaji. Ndiyo maana wauzaji huwasihi wateja wahifadhi namba zao, na ndiyo maana mteja mmoja aliyehifadhi namba kwa hiari ana thamani kubwa kuliko watazamaji wengi wa kupita.

5. Kuanza: mpangilio wa hatua

Kutokana na hayo, mwanzo wa busara ni mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Anayeanza achague mtandao mmoja ambao wateja wake tayari wanautumia, badala ya kufungua akaunti tano na kuzitelekeza nne. Wasifu wa akaunti utaje anachouza, mahali anapopatikana na namba ya simu. Picha ziwe za bidhaa aliyo nayo mkononi, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana. Namba ya kupokea malipo, ambayo Tanzania huitwa lipa namba, isajiliwe kwa jina linalofanana na la akaunti, kwa kuwa mlipaji huliona jina hilo kwenye simu yake kabla ya kuthibitisha, na jina geni kwa wakati huo humfanya aghairi.

Suala la bei linahitaji kuzungumzwa kwa urefu, maana ndipo wauzaji wengi wanapojiumiza. Desturi ya kuandika kwamba bei ni inbox, yaani mteja aulize kwa faragha, ina sababu zake: muuzaji huogopa washindani wasije wakauza chini ya bei yake, winga huficha cha juu chake, na wengine hutaka kumpima mteja kwanza kama wafanyavyo dukani. Hata hivyo, dukani mteja huweza kuushika mzigo na kumtazama muuzaji usoni, ilhali kwenye simu bei ni mojawapo ya vitu vichache anavyoweza kuvihakiki. Kumnyima hicho ni kumwongezea shaka pale pale anapohitaji kupunguziwa. Anayeona haya kuuliza huondoka kimya, na muuzaji hatajua kamwe ni wangapi walioondoka. Kupatana kunaweza kuendelea, lakini kuanzie kwenye bei iliyoandikwa.

Tangazo la kulipia, au kusponsa kama wasemavyo wauzaji wenyewe, linapaswa kuja mwisho. Tangazo huongeza watu wanaofika mlangoni. Halimfanyi muuzaji anayejibu baada ya siku mbili aanze kujibu kwa dakika mbili. Anayesponsa kabla ya kujipanga hulipia kuwaonyesha watu wengi zaidi udhaifu wake.

6. Wajibu wa kisheria

Namba za wateja si mali ya muuzaji ya kutumia apendavyo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na Tanzania ikapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kwa hiyo kumwingiza mteja katika kundi la WhatsApp bila ridhaa yake, au kuiuza orodha ya namba, si utovu wa adabu peke yake bali ni jambo linaloweza kumfikisha mtu mbele ya sheria.

7. Hitimisho

Mitandao itabadilika, na algoriti ya leo haitakuwa ya kesho, lakini muuzaji aliyeandika bei, akatuma risiti ya basi na kurudisha fedha kwa mzigo uliokosewa atakuwa na wateja wa kuhama nao. Vyuo, vyama vya wafanyabiashara na halmashauri zinazoendesha mafunzo ya biashara za mitandaoni hazina budi kuacha kuwafundisha vijana namna ya kuongeza wafuasi, na kuanza kuwafundisha namna ya kuaminika.