Namba ya Baiskeli Yako Ni Ngapi?

Mlioko darasani, sogeeni karibu. Somo likiisha, mwenzenu mmoja atawasomea tena maneno haya kutoka katika karatasi mliyoletewa. Penseli na madaftari yawe tayari, lakini msiandike bado. Leo mtasikiliza kwanza.

Nataka kusema nanyi juu ya wizi wa vitu tunavyoviacha nchi kavu tunapokwenda kuvua: baiskeli, pikipiki, na mizigo iliyofungwa juu yake.

Wengi wenu mnakaa kandokando ya Ziwa Victoria, nanyi mnajua kazi ya dagaa ilivyo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Zamani tuliwasha karabai, siku hizi ni taa za betri na za nguvu ya jua, lakini mbalamwezi ikiwa kali taa hizo hazivuti dagaa. Basi mvuvi hufika mwaloni jioni kwa baiskeli au pikipiki yake, huiacha, huingia mtumbwini, na harudi mpaka alfajiri. Sasa fikiri kidogo. Jambo hili kila mtu mwaloni analijua. Muuza chai anajua, mtoto anajua, na mwizi naye anajua. Mwenye duka akitoka dukani kwake, mwizi hana hakika atarudi saa ngapi. Lakini wewe uliyeko ziwani, taa yako inaonekana kule mbali. Maadamu inawaka, mwizi ana nafasi ya kutosha.

Mimi nami yalinipata. Nilikuwa kijana, nikivua pamoja na shemeji yangu upande wa Mwanza. Nilikuwa na baiskeli ya kijani niliyoinunua kwa fedha za misimu miwili ya pamba. Jioni moja niliiegemeza kwenye mti, nikapitisha mnyororo katika gurudumu la mbele, nikafunga kufuli, nikaenda ziwani na moyo mweupe. Alfajiri niliporudi nilikuta gurudumu la mbele limefungwa vizuri kabisa kwenye mti, na kufuli yangu haina hata mkwaruzo. Baiskeli yenyewe haikuwapo.

Nilikwenda kituo cha polisi. Askari akaniuliza, "Rangi gani?" Nikamjibu, kijani. "Namba yake ngapi?" Nikasema baiskeli yangu haina namba. Akanitazama, akanichukua hadi nje penye baiskeli yake, akaipindua miguu juu. Chini kabisa, pale ekseli ya pedeli inapopita, palikuwa na namba iliyogongwa katika chuma. Nilikuwa nimeipanda yangu miaka miwili bila kuitazama pale.

Stakabadhi ya dukani ilikuwa na namba ile. Lakini wakati huo nilikuwa sijui kusoma, ndugu zangu, na kwangu mimi ilikuwa karatasi tu. Niliiwashia moto.

Miezi mitatu baadaye, sokoni, niliona mtu akisukuma baiskeli nyeusi, rangi imepakwa kwa brashi. Keria yake ilikuwa imefungwa waya wa shaba mahali pale pale nilipofunga mimi. Neno "Mwizi!" likanifika kooni. Mnajua linavyofuatwa neno hilo sokoni, na mawe yanavyookotwa kabla mtu hajaulizwa lolote. Shemeji yangu alinishika mkono kwa nguvu, nami nikalimeza. Tulimwomba yule bwana twende naye kituoni, naye akaja bila ya ubishi. Alisema aliinunua kwa mtu aliyekutana naye njiani, tena bila karatasi. Askari akaipindua, akasoma namba kwa sauti, kisha akanigeukia. "Ndiyo hii?"

Ningejibu nini? Yule bwana aliondoka nayo. Askari hakuwa na kosa, kwa kuwa waya wa shaba hufungwa na watu wengi. Hata leo sijui kama ile baiskeli ilikuwa yangu, na kila nikikumbuka jinsi neno lile lilivyokuwa karibu kunitoka, mwili hunisisimka.

Haya, sasa twende kazini.

Kwa baiskeli, tafuta namba mahali pale nilipotaja, chini ya ekseli ya pedeli. Usipoiona, tazama kwenye bomba chini ya tandiko. Futa matope na grisi kwanza. Kwa pikipiki ziko namba tatu. Ya kibao cha nyuma kila mtu anaijua, na ndiyo rahisi kung'olewa. Ya pili ni namba ya injini, nayo imegongwa katika injini yenyewe. Ya tatu ni ya chasisi, na kwa kawaida iko kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani. Pindisha usukani upande mmoja utaiona. Pikipiki nyingi za siku hizi zina namba ya chasisi yenye alama 17, herufi na tarakimu zimechanganyika. Msiogope urefu wake. Tena iko nafuu moja ya kuwafaa ninyi mnaojifunza: katika namba hizo za alama 17, herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa sababu hufanana na moja na sifuri. Kwa hiyo ukiona duara katika namba hiyo, andika sifuri bila wasiwasi.

Kama macho yanakusumbua, weka karatasi nyembamba juu ya namba, ishike isicheze, kisha sugua juu yake kwa ubavu wa penseli. Namba itajitokeza yenyewe katika karatasi. Watoto hufanya hivyo kwa sarafu.

Mwenye mashine ya mtumbwi naye asijione yuko nje ya somo. Tafuta kibao kidogo penye mabano yanayoshika mtumbwi, uandike namba yake. Kibao hicho huweza kubanduliwa, basi chora na alama yako mahali pengine, mahali usipopaonyesha watu.

Karatasi hiyo iache nyumbani kwa mkeo au kwa mama yako. Nimeona watu wanaweka kadi ya pikipiki chini ya kiti cha pikipiki! Huko ni kumpa mwizi pikipiki pamoja na ushahidi wa kuiuzia.

Kuhusu kufunga nitasema machache. Mnyororo upite katika fremu na gurudumu la nyuma, uzunguke mti ulio hai au nguzo iliyochimbiwa. Usiulaze chini, maana mnyororo uliolala juu ya jiwe huvunjwa kwa nyundo. Ufunguo usiufukie mchangani, kuna anayekutazama. Afadhali zaidi ukiacha chombo chako katika ua wa mtu unayemjua, umlipe kidogo, naye ajue kwamba ni yeye na si mwingine anayeulizwa asubuhi. Wavuvi wa mitumbwi kadhaa wakichanga wanaweza kumweka mlinzi mmoja kwa siku zote za giza.

Na ukiibiwa, nenda polisi siku ile ile na karatasi yako. Utapewa namba ya taarifa, ile tuiitayo RB. Kabla hujaondoka, omba uonyeshwe walivyoandika, uisome mwenyewe tarakimu moja moja. Tarakimu moja ikikosewa, hiyo ni baiskeli ya mtu mwingine.

Sasa shikeni penseli. Tokeni nje wawili wawili, mwende kwenye baiskeli au pikipiki iliyo karibu. Mmoja asome namba polepole, mwingine aandike. Kisha mbadilishane, mlinganishe madaftari. Mkitofautiana, msibishane, rudini mkaitazame tena. Juma lijalo leteni stakabadhi yoyote mliyo nayo nyumbani, hata ikiwa imechakaa, nasi tutaisoma pamoja.

Kwaherini.