Waya Mmoja Usikatwe



Ndugu wasikilizaji, sisi wa Msalato tunaolima uwele na zabibu tuko mbali na mambo ya mashua. Lakini ukishika barabara ya Iringa utalifikia bwawa la Mtera, na huko mvuvi mmoja alinisimulia jambo linalofaa tulitafakari Dominika hii.

Mama yake alipougua, aliifunga mashua yake ya injini ufukoni, akaja Dodoma kumwuguza siku arobaini. Aliporudi, betri ilikuwa imekufa. Hakuna mwizi aliyeigusa. Taa ndogo na redio vilikuwa vikiinyonya usiku na mchana. Umeme wa ampea 0.05 tu hula ampea-saa 1.2 kwa siku. Kwa siku 40 ni 48, na betri yake ilikuwa ya 60. Tena betri ya risasi ikikaa bila chaji, chumvi huganda juu ya bamba zake, na hata ikichajiwa haipokei kama zamani.

Fundi akamfungia swichi kuu karibu na betri mpya. Safari ya pili ya hospitali, mvuvi akaizima, akaondoka na amani. Mvua ikanyesha. Pampu ya kutoa maji chomboni nayo ilikuwa imezimwa pamoja na vingine vyote. Akaikuta mashua imezama, na betri aliyoihifadhi imo majini.

Ndipo fundi mwingine alipomweleza: pampu haipitishwi kwenye swichi kuu. Hupewa waya wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake.

Wapendwa, Dominika ndiyo swichi yetu. Asiyepumzika huishiwa nguvu pasipo kujua ni nini kilichomnyonya. Lakini wapo wanaopumzika kwa kukata kila kitu: wakifunga duka, hufunga na sala, wakilaza jembe, humsahau na mgonjwa wa jirani. Yesu aliponya siku ya Sabato, akawakumbusha waliomlaumu kwamba hakuna amwachaye ng'ombe wake kisimani kwa sababu ni siku ya mapumziko.

Mama yule alipona, na mashua ilivutwa nchi kavu. Basi juma hili kila mmoja ajiulize: Ni nini kinachoninyonya kidogo kidogo? Na ni nani atakayezama nikijizima?

Mungu awabariki. Amina.