Uvimbe si lazima uwe saratani
(Mazungumzo na familia zilizowasili karibuni)

Leo tuongee juu ya neno moja linalotisha watu hospitalini: uvimbe.

Kwetu, kitu kilichoota tumboni ni uvimbe, na mguu uliofura baada ya kuteguka ni uvimbe pia. Madaktari wa hapa Marekani wana maneno mawili tofauti. Mkalimani akikuambia una uvimbe, muulize: kuna kitu kimeota, au sehemu imefura?

Chukueni mfano wa ugonjwa adimu uitwao panikulaitisi ya mesenteri. Aliyewahi kuchinja mbuzi ameuona ule utando wenye mafuta unaoshikilia utumbo. Sisi pia tunao, na wakati mwingine mafuta yake hufura. Wengine huumwa tumbo au hukonda. Wengi hawasikii chochote. Huonekana tu kwenye picha ya CT iliyopigwa kwa sababu nyingine.

Wenyewe si saratani. Lakini limfoma, saratani ya tezi, inaweza kufanana nao kwenye picha. Watafiti bado wanabishana: baadhi waliona saratani zaidi kwa wenye ugonjwa huu, wengine hawakuona tofauti. Ndiyo maana daktari anaweza kutaka kukupima damu, kurudia picha baada ya miezi kadhaa, au kukata kipande kidogo cha nyama akipime. Kuitwa tena si hukumu. Nenda, hata kama maumivu yameisha.

Wengi hawahitaji dawa. Wenye maumivu makali huweza kupewa prednisoni, nayo hupunguza kinga ya mwili. Kabla ya kuimeza, mwambie daktari ulikoishi, na kama uliwahi kukaa na mgonjwa wa kifua kikuu. Dawa hiyo inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Pia kuna minyoo ya strongiloidi, inayoingia kwa nyayo kutoka udongoni na kukaa mwilini miaka mingi. Kinga ikishuka, inaweza kuenea na kuua. Daktari asiyejua maisha ya kambini huenda asiifikirie. Omba upimwe.

Mkalimani wa hospitali ni bure, ni haki yako. Usimpe mtoto wako kazi ya kutafsiri neno saratani. Na mwenye barua asiyoielewa aje nayo ofisini, tuisome pamoja.